Winchester 94, Marlin 336 au Savage 99: Ganda Linatokea Wapi, Risasi Zinakaa Wapi

Anayetafuta bunduki ya zamani ya wenzo kwa ajili ya kuwinda hukutana na majina matatu kabla ya mengine yote: Winchester 94, Marlin 336 na Savage 99. Zote ni za Marekani, na kazi iliyozijengea jina ni moja: kumwinda kulungu mwenye mkia mweupe kwenye misitu ambamo mtu haoni mbali. Wengi huzilinganisha kwa umaarufu, au kwa uzuri wa mti wa kitako. Sisi tunashauri uanze na maswali mawili tu. Ukishapiga, ganda tupu linatokea wapi? Na zile risasi ambazo hujapiga zinakaa wapi? Majibu yake ndiyo yanayoamua kama utaweza kufunga darubini, ni kichwa gani cha risasi utumie, utapiga umbali gani, utasafishaje mtutu na ni kipi kitakachoharibika kwanza.

Wenzo ni ile pete ya chuma iliyo chini ya kifyatulio. Unaisukuma mbele, ganda linatoka. Unairudisha, risasi mpya inaingia chemba. Kitako hakitoki begani, na mkono unabaki palepale. Hakuna mpini wa bolti unaochomoza ubavuni, kwa hiyo bunduki ni bapa kama ubao: inaingia kwenye ala ya tandiko la farasi, inapita vichakani bila kunasa, na unaweza kuibeba siku nzima kwa mkono mmoja ukiishika katikati, pale uzito unapojigawa sawa. Mtu wa mkono wa kushoto haibiwi kitu, kwa sababu wenzo uko katikati. Mvuto wa bunduki hizi kwa zaidi ya miaka 100 umejengwa hapo: wepesi wa kubeba na wepesi wa kupiga mara ya pili.

Winchester 94: ganda linaruka juu

Iliundwa na John Moses Browning na kuingia sokoni 1894. Mwaka uliofuata ilipewa risasi ya .30-30, risasi ya kwanza ya Marekani ya kuwindia iliyotengenezwa kwa baruti isiyo na moshi. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Karabini (bunduki fupi) ya kawaida ina mtutu wa inchi 20 (sentimita 50.8) na uzito wa takriban kilo 3. Katika hizi tatu, hakuna inayokaa mkononi vizuri kuliko hii.

Ifungue taratibu uone inavyofanya kazi. Ukisukuma wenzo, sakafu nzima ya mwili wa bunduki inashuka pamoja nao, na unaweza kuona ndani kwa chini. Bolti inarudi nyuma na kutokeza juu ya mkono wako, kipandishio kinainua risasi kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Ukirudisha wenzo, kipande kinene cha chuma kinapanda wima nyuma ya bolti na kuifunga. Kipande hicho kinapaswa kupanda hadi juu kabisa kila mara. Kikibaki chini kidogo huku wenzo umefungwa, usinunue kabla fundi wa bunduki hajapima nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda.

Ganda linatoka juu, katikati. Kwa vilengeo vya chuma hilo ni jema, kwani unaona chemba yote na uchafu unaondoka kirahisi. Kwa darubini ni balaa: ganda hugonga kioo na kurudi ndani. Wenye Winchester za zamani huweka darubini ya pembeni au ya mbele juu ya mtutu, na zote mbili huharibu ule wepesi ulioifanya bunduki ipendwe. Mwaka 1982 kiwanda kilibadilisha pembe ya kutolea ganda ili darubini ikae juu. Mtu anayejua kwamba macho yake yanahitaji darubini atafute za kuanzia hapo, au ahamie Marlin.

Mwaka mwingine wa kukumbuka ni 1964. Ili kupunguza gharama, kiwanda kilianza kutumia kipandishio cha bati lililokandamizwa badala ya chuma kilichochongwa, na mwili wa bunduki ukawa wa mchanganyiko mwingine wa chuma. Mwili huo haukubali weusi wa kawaida: ukipelekwa kwa fundi kupakwa upya, mara nyingi hutoka na wekundu wa zambarau. Ndiyo maana za kabla ya 1964 zina bei kubwa zaidi. Hata hivyo, bunduki ya 1970 yenye mtutu safi inapiga kulungu sawasawa na ya 1950. Unayoilipia ni kazi ya mkono, ulaini wa wenzo na thamani itakayobaki siku ya kuuza. Za kuanzia 1992 zina kitufe cha usalama kinachopita kati ya mbavu za bunduki. Hazivutii wakusanyaji, lakini ni salama zaidi kwa anayejifunza.

Marlin 336: ganda linatoka ubavuni

Ilianza 1948, ikiwa mrithi wa Model 36, na nyuma yake ile ya 1893. Juu imefungwa kabisa kwa chuma. Ganda linatoka kulia. Kwa sababu hiyo tu, darubini inakaa juu ya bolti bila taabu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 zilitoka kiwandani zikiwa na matundu ya skrubu za kuishikia. Ina uzito wa takriban kilo 3.2, imejaa zaidi mkononi, na risasi zake maarufu ni .30-30 na .35 Remington. Hii ya pili hurusha kichwa cha greni 200 (gramu 13) kwa takriban mita 630 kwa sekunde, na ni nzuri sana msituni kwa masafa mafupi.

Lakini jambo ambalo wanunuzi hawalipi uzito wa kutosha ni usafishaji. Kwenye Marlin unatoa skrubu moja ya wenzo, wenzo unashuka, bolti inachomolewa kwa nyuma, na mdeki (fimbo ya kusafishia) unapita kutoka chemba kwenda mdomoni kama inavyotakiwa. Kirushio cha ganda, kile kijipande chembamba kilicho kwenye mfereji wa ubavu wa kushoto, kitaanguka ukishatoa bolti. Fanyia kazi juu ya kitambaa, kiokote, na ukirudishe kabla ya bolti. Ukikisahau, bunduki itafyatua vizuri lakini ganda halitatoka. Winchester 94 na Savage 99 husafishwa kupitia mdomo wa mtutu, na mdeki wa chuma uliopitishwa bila kiongozi kwa miaka 50 unakula ukingo wa mdomo. Hapo shabaha inatawanyika na mwenye bunduki anailaumu darubini.

Marlin ina ugonjwa wake unaojulikana. Wenzo unakwama katikati, huoni kitu kilichozuia, hauendi mbele wala nyuma. Kilichotokea ni kwamba risasi ya pili imepenya chini ya kipandishio wakati kipandishio chenyewe bado hakijashuka mahali pake. Chanzo chake ni ukingo mkali wa wenzo, ambao kila unapopita husugua upande wa chini wa kipandishio hadi kukichimba. Kikishapungua hata kidogo, kinabaki chini kuliko inavyotakiwa na risasi inapata upenyo. Dawa ni kulainisha ukingo ule kwa jiwe la mafuta, bila kupunguza umbo, kisha kujaza pale palipolika au kubadilisha kipandishio. Usilazimishe wenzo kwa nguvu. Utapinda vitu ambavyo vilikuwa vizima.

Tazama mtutu upande wa kushoto karibu na mwili. Herufi JM ndani ya duara refu ni alama ya mitutu ya Marlin yenyewe, kabla Remington haijainunua kampuni na kuhamishia kazi Ilion, New York. Za miaka ya mwanzo baada ya kuhama zililalamikiwa sana: vilengeo vilivyoinama upande, mti usiokutana na chuma. Baadaye ubora ulipanda, na baada ya Remington kufilisika 2020, Ruger iliinunua Marlin na kurudisha 336 sokoni. Kwa anayetaka ya zamani kwa bei nafuu, zipo zile zilizouzwa kwa jina la Glenfield: mitambo ni ileile ya Marlin, tofauti ni mti wa kawaida badala ya jozi. Ukitaka bunduki ya kuwindia badala ya kuwekwa kabatini, hakuna ununuzi wa busara kuliko huo.

Jambo moja kwa wanaotengeneza vichwa vya risasi vya timazi (madini laini ya risasi) nyumbani: kuanzia miaka ya 1950 Marlin ilitumia michirizi mingi isiyo na kina ndani ya mtutu. Kichwa laini cha timazi chenye kipimo cha kawaida huteleza ndani yake. Tumia timazi ngumu, kichwa kinene kidogo, na mwendo wa wastani.

Savage 99: risasi hazikai kwenye bomba

Arthur Savage, mzaliwa wa Jamaica, alitoa bunduki ya aina hii 1895 na kuiboresha 1899. Haina nyundo ya nje. Haina bomba. Ndani ya mwili wake kuna gurudumu lenye vijumba, linalozunguka na kubeba risasi 5, kila moja kwenye kitanda chake. Nyingi zina kidirisha ubavuni kushoto chenye tarakimu kwenye shaba. Ingiza risasi moja kwa kidole gumba, usikie gurudumu likikaza springi, na tarakimu inabadilika. Kwa ufundi wa mitambo, hii ndiyo inayotushinda kuisifu vya kutosha.

Faida yake kubwa ni kwenye umbo la kichwa cha risasi. Kwenye bomba la Winchester na Marlin, ncha ya risasi moja inagusa fataki (kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda) ya iliyo mbele yake. Bunduki ikipiga teke, ncha kali inaweza kulipua fataki ndani ya bomba, chini ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo sababu .30-30 hutumia vichwa bapa, na vichwa bapa hushindana na upepo vibaya. Kwenye Savage ncha haigusi fataki yoyote, kwa hiyo vichwa vyenye ncha vinaruhusiwa. Mwaka 1915 ikaja .250-3000, iliyorusha kichwa cha greni 87 kwa futi 3000 (mita 914) kwa sekunde, na 1920 ikaja .300 Savage. Baadaye ilitolewa hata kwa .308 Winchester.

Kwa tarakimu: .30-30 yenye kichwa cha greni 150 hutoka kwa takriban mita 728 kwa sekunde. Ukiilenga sawasawa kwa yadi 100, kwa yadi 200 imeshuka karibu sentimita 20. Kichwa cha uzito huohuo kwenye .300 Savage hutoka kwa takriban mita 800, na kina ncha, hivyo kushuka kwake kwa umbali huo ni karibu nusu. Wa msituni haoni tofauti. Wa kwenye uwanda wazi anaiona siku ya kwanza.

Ubaya wake? Bolti hufungwa kwa nyuma, hivyo maganda hurefuka kidogo kila unapopiga, na anayejaza risasi mwenyewe atayatupa mapema. Gurudumu limetengenezwa kwa urefu wa risasi ya bunduki ile tu. Mitutu ya awali ya .250-3000 ina michirizi yenye mzunguko wa taratibu, mmoja kwa inchi 14, uliofaa kichwa cha greni 87. Cha greni 100 huweza kuyumba na kutoboa karatasi ubavu-ubavu. Na usiifungue kwa udadisi. Kuipanga upya, pamoja na kulirudishia gurudumu mkazo wake sahihi, ni kazi ya fundi. Baadhi ya za baadaye, kama 99C, zilitumia magazini ya kuchomoa. Ni rahisi kutumia, ila si zile zinazotafutwa.

Ukiishika dukani

Omba ruhusa, elekeza mtutu mahali salama, fungua wenzo, tazama chemba na uiguse kwa kidole. Kisha tazama bomba: risasi iliyosahaulika humo haionekani kwa jicho la haraka.

Mtihani wa nyundo ni kwa Winchester na Marlin zisizo na kitufe cha usalama. Weka nyundo kwenye nusu ya kupanda, bana wenzo, kisha vuta kifyatulio kwa nguvu ya wastani. Nyundo isishuke. Ikishuka, kijino cha ndani kimelika au kimekatwa na mtu aliyetaka kifyatulio chepesi, na kijino hicho ndicho usalama pekee wa bunduki. Kama kifyatulio hakivutiki nyundo ikiwa imepanda kamili, kabla ya kusema imeharibika hakikisha mkono wako umebana wenzo hadi mwisho. Zimeundwa zisifyatue wenzo ukiwa wazi.

Chungulia mtutu kwa taa kutoka mdomoni. Fataki za zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na kutu ilianza kula mbele ya chemba usiku uleule kama mtutu haukuoshwa. Vishimo vyepesi vilivyosambaa si mwisho wa dunia. Vishimo virefu karibu na chemba, achana nayo.

Tazama vichwa vya skrubu. Vilivyoraruka vinakuambia kwamba bisibisi ya jikoni imepita humo. Tazama mbavu za mwili kama kuna matundu yaliyotobolewa baadaye kwa ajili ya kilengeo. Kwa mwindaji hayana neno, kwa mkusanyaji yameshusha thamani. Kwa Savage, kagua kitako pale kinapokutana na ulimi wa chuma wa nyuma. Ufa wa wima hapo ni wa kawaida, na husababishwa na bolti ndefu ya ndani ya kitako iliyolegea: kila teke linasukuma mti dhidi ya chuma. Ufa mdogo hugundishwa, bolti ikakazwa. Mrefu unataka kitako kipya, na vitako vya Savage si rahisi kupatikana.

Mwisho, omba kupitisha risasi bandia 5 au 6, taratibu kisha kwa kasi. Bunduki nyingi za wenzo hulisha vizuri zikienda pole na hukwama zikiharakishwa, au kinyume chake.

Siku ukirudi kambini na Winchester au Marlin yenye bomba lililojaa, huhitaji kufunga wenzo hadi mwisho ili kuzitoa risasi. Sukuma, rudisha hadi risasi ionekane imepanda, sukuma tena ianguke. Risasi isiyoingia chemba haiwezi kupigwa na nyundo.

Risasi zenyewe, na .303 ya kwetu

.30-30 inapatikana karibu kila duka la bunduki Marekani. .35 Remington, .300 Savage na .250-3000 hutengenezwa kwa misimu, kwa hiyo nunua maboksi kadhaa unapoyaona. Hornady hutengeneza .30-30 yenye ncha ya plastiki laini iliyoruhusiwa kwenye bomba; usiifananishe na ncha ngumu nyingine yoyote.

Msomaji wa Afrika Mashariki awe makini na namba moja. .303 Savage si ile .303 ya Waingereza ambayo wazee wetu waliijua kupitia bunduki za jeshi la kikoloni. Maganda ni tofauti na vichwa ni vya vipenyo tofauti, hivyo haziingiliani hata kidogo. Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu na kitako cha ganda. Usitegemee namba aliyotamka muuzaji.

Kwenye ardhi yetu bunduki ya wenzo iliyoacha jina si yoyote kati ya hizi tatu. Ni Winchester 1895, nayo ya Browning, yenye magazini ya wima. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, walikuwa nayo ya .405, yenye kichwa cha greni 300, na Roosevelt aliisifu kwa simba. Teke lake ni kali na kitako chake chembamba hakimsaidii mpigaji. .30-30, kwa upande wake, haikuundwa kwa simba wala nyati, na asitokee wa kukudanganya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo 1977, hivyo kwa wengi wetu uamuzi huu unahusu walioko ughaibuni.

Kwa walioko Marekani: sheria ya taifa huihesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, na Winchester 94 chache za mwanzo zimo humo, ingawa majimbo yana sheria zake. Aliye na viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki, isipokuwa kwa vighairi kama leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Uliza kwenye jimbo lako kabla ya kutoa fedha.

Nani achukue ipi

Msitu mzito, macho mazuri, kutembea sana: Winchester 94, ya kabla ya 1964 kama mfuko unaruhusu, na vilengeo vya chuma. Unataka darubini, unataka kusafisha mwenyewe, au unamnunulia kijana anayeanza: Marlin 336 yenye JM, au Glenfield. Unapiga zaidi ya yadi 150 na una fundi unayemwamini: Savage 99 ya .300 au .308, na kabla ya msimu wa kwanza mwambie akaze ile bolti ya ndani ya kitako.